Jina la Baden-Powell: Asili Yake, na Jinsi Lilivyofika Nyeri

Katika mji wa Nyeri, kwenye makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro, liko jiwe ambalo watu hulijia kutoka pande zote za dunia. Limewekwa kuelekea Mlima Kenya. Juu yake limechongwa jina la Robert Baden-Powell, pamoja na siku aliyozaliwa, yaani 22 Februari 1857, na siku aliyokufa, yaani 8 Januari 1941. Iko pia alama ya duara lenye nukta katikati, ambayo kwa Skauti maana yake ni kwamba aliyepita njia hii amekwisha kwenda kwao.

Wageni hulisoma jina hilo, hupiga picha, kisha huenda zao. Ni wachache wanaojiuliza jina lenyewe ni la namna gani. Kwa nini ni majina mawili yaliyofungwa pamoja kwa kistari? Baden alikuwa nani, na Powell alikuwa nani? Mwenyeji wa Nyeri akielezwa habari hii ataona kwamba si ngeni kwake hata kidogo, kwani jina hilo limejengwa kwa miti ile ile ambayo Wakikuyu hujengea majina yao. Tofauti ni kwamba aliyelijenga alikuwa mwanamke mmoja mjane wa London, naye alilikaza kwa misumari hata halikusogea tena.

MWANA WA HYWEL

Inafaa kuanza na Powell, kwa kuwa ndilo jina kongwe kati ya hayo mawili, nalo si la Kiingereza. Lilitoka Wales, nchi ya milima iliyo upande wa magharibi wa Uingereza, ambayo watu wake wanayo lugha yao wenyewe mpaka leo. Hapo kale mtu wa Wales hakuwa na jina la ukoo. Alikuwa na jina lake, akalifuatisha la baba yake, na katikati akatia neno dogo "ap", maana yake mwana wa. Mtu aitwaye Rhys, baba yake akiwa Hywel, alikuwa Rhys ap Hywel. Alipotakiwa kujulisha nasaba yake, aliongeza la babu, na la baba wa babu, kama vile watu wa pwani wanavyopanga "bin" juu ya "bin". Binti naye alikuwa na neno lake, "ferch". Mkikuyu hana haja ya maneno mawili: Njoroge wa Kamau, Wanjiru wa Kamau, neno moja lawatosha kaka na dada.

Mfalme Henry wa Nane alipoitia Wales chini ya sheria za Uingereza, kwa amri za mwaka 1536 na 1543, lugha ya mahakama ikawa Kiingereza. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1538, kila kanisa la mtaa liliagizwa kuweka daftari ya ubatizo, ndoa na maziko. Karani hakuwa na nafasi ya kuandika nasaba ya vizazi sita. Alitaka jina moja la mtu na moja la jamaa, apate kwenda kwenye mstari unaofuata. Hivyo "ap Rhys" likawa Price, "ap Hugh" likawa Pugh, "ap Richard" likawa Pritchard, na "ap Hywel", kwa kutamkwa haraka haraka, likawa Powell. Jambo hili halikutimia kwa siku moja. Wakuu na matajiri walitangulia, na katika vijiji vya mbali desturi ya zamani iliendelea kwa muda wa karne mbili na zaidi. Wasomaji walio makarani hawatawalaumu sana wenzao wa Wales, kwani kila ashikaye kalamu ya ofisi ajua jinsi nafasi katika fomu ilivyo ndogo.

Basi kila aitwaye Powell, awe lodi au mchimba makaa, kwa asili ni "wa Hywel". Jina lilikuwa la baba wa mtu mmoja, tena baba hasa. Lakini siku lilipoandikwa likaacha kusogea, na wajukuu na vitukuu, ambao hawakumwona Hywel huyo wala hawakusikia habari zake, wakaendelea kuitwa wana wake.

MJANE NA WANAWE

Baden, kwa upande wake, halikuwa jina la ukoo katika jamaa hii, bali jina la mtu. Kasisi Baden Powell alikuwa profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford tangu mwaka 1827 hata alipokufa, na baba yake kabla yake aliitwa Baden Powell vile vile. Profesa huyo alioa mara tatu. Mke wake wa tatu, waliyeoana mwaka 1846, alikuwa Henrietta Grace Smyth, binti wa William Henry Smyth, baharia aliyepata cheo cha admirali na ambaye pia alikuwa mjuzi wa nyota. Bibi huyo alizaa watoto kumi, na baadhi yao wakafa wangali wadogo.

Tarehe 11 Juni 1860 profesa alifariki dunia. Mtoto wa mwisho alikuwa hajatimiza mwezi mmoja. Alizaliwa tarehe 22 Mei, naye alikuwa amepewa jina la baba yake, Baden. Robert alikuwa na umri wa miaka mitatu. Jina lake lote lilikuwa Robert Stephenson Smyth Powell: Robert Stephenson kwa heshima ya mhandisi mashuhuri wa njia za reli aliyekuwa baba yake wa ubatizo, na Smyth kwa ajili ya ukoo wa mama. Msomaji aone jinsi Waingereza hao nao walivyomzungushia mtoto majina ya wakubwa wake.

Mjane alibaki na watoto wengi na fedha isiyo nyingi. Alikuwa mwanamke mwenye nia ngumu, naye aliazimu kwamba wanawe watafika mbali. Aliona kizuizi kimoja ambacho mtu mwingine asingalikijali: Powell ni jina la watu elfu na elfu. Katika Uingereza wamejaa Powell wauza nyama, Powell wakulima, Powell mawakili; hata katika jamaa ile ile walikuwako watoto wa mke aliyetangulia. Nani angalijua kwamba vijana hawa ndio wana wa profesa yule wa Oxford? Hivyo mwaka 1869, miaka tisa baada ya mazishi, Bibi Henrietta alilichukua jina la mumewe zima zima, la mtu na la ukoo, akalifanya kuwa jina la ukoo la watoto wake. Tangu hapo wakaitwa Baden-Powell. Wenyewe hutamka "Beiden-Poel". Robert alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwaka uliofuata, alipoingia shule ya Charterhouse, aliingia na jina jipya.

Sasa na tafsiri ifanywe kwa Kikuyu. Baden maana yake ni baba yake Robert. Powell maana yake ni wa Hywel. Kwa hiyo Robert Baden-Powell, likifumuliwa, ni Robert wa Baden wa Hywel. Mzee yeyote wa Tetu au wa Mathira angalimwelewa mara moja, wala asingalihitaji kistari.

Lakini mjane huyo hakuweza kulikwepa jambo moja la kuchekesha. Yule mtoto wa mwisho alikuwa tayari ana jina la baba yake. Jina la baba lilipogeuka kuwa la ukoo, kijana akawa Baden Baden-Powell. Alikua akawa ofisa wa jeshi, na mmoja wa watu wa kwanza Uingereza waliojaribu kurusha watu angani kwa tiara kubwa, akafa mwaka 1937 akiwa bado anaitwa Baden mara mbili. Msomaji na alikumbuke jina hilo, kwa maana litarudi mbele katika habari za Nyeri.

CHEO JUU YA JINA

Mambo aliyoyatumaini mama yalitimia. Mwanawe George alipewa cheo cha Sir, akawa mbunge. Binti yake Agnes ndiye aliyesaidiana na Robert kuanzisha chama cha wasichana mwaka 1910. Robert aliingia jeshini mwaka 1876, na katika vita vya Makaburu alizingirwa katika mji wa Mafeking kwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hata Mei 1900. Mji ulipookolewa, watu wa London walijaa barabarani wakishangilia jina ambalo miaka thelathini na mitano nyuma halikuwako duniani. Tarehe 30 Aprili 1902 jamaa ilipata hati ya idhini ya mfalme, na jina la mjane likawa halali kwa sheria kama lilivyokuwa halali kwa mazoea. Mwaka 1907 Robert aliwapeleka vijana kambini katika kisiwa cha Brownsea, mwaka 1908 akatoa kitabu chake cha Skauti, na mengine yajulikana na kila aliyepata kuvaa skafu shingoni.

Mwaka 1929, wakati Skauti wa mataifa mengi walipokutana Arrowe Park karibu na Birkenhead, ilitangazwa kwamba atakuwa lodi. Hapo jina likapata mkia wa tatu: Baroni Baden-Powell wa Gilwell. Gilwell ni shamba lililo karibu na London, ambalo tangu mwaka 1919 viongozi wa Skauti hufunzwa kazi humo. Lodi wa Kiingereza hutaja mahali namna hii ili asichanganywe na mwingine, ijapokuwa mahali penyewe si milki yake. Lodi wa Gilwell hakuwa na ngome wala watwana.

Kenya ilipata kumwona kabaila mwingine wa Ulaya ambaye jina lake lastahili kutajwa hapa, ingawa shamba lake lilikuwa chini ya vilima vya Ngong wala si Nyeri. Huyo ni Mswedeni, Baroni Bror von Blixen-Finecke, aliyezaliwa mwaka 1886. Jina lake nalo lilikuwa la jamaa mbili zilizoungwa kwa kistari. Alioana na Karen Dinesen wa Denmark mjini Mombasa tarehe 14 Januari 1914. Katika Uingereza cheo cha baba humwendea mwana mmoja tu, na wengine huwa mabwana wa kawaida. Lakini katika nyumba nyingi za kale za Sweden cheo huwaenea watoto wote, na kwa sababu hiyo Bror na pacha wake Hans wote wawili walikuwa mabaroni.

Huko Sweden makabaila walipata majina yao kwa njia nyingine kabisa. Mpaka karne ya 16 hata wakuu waliitwa kwa majina ya baba zao, mwana wa fulani na mwana wa fulani. Mfalme Gustav aliyetawala tangu 1523 alijiita Gustav mwana wa Erik. Jina Vasa alilopewa ukoo wake lilitokana na alama iliyochorwa katika ngao yao. Mwaka 1626 Mfalme Gustav Adolf wa Pili alipoanzisha Nyumba ya Makabaila mjini Stockholm, kila jamaa ilitakiwa kuandikishwa kwa jina na nambari. Waliokuwa hawana jina walitazama ngao zao. Wenye paji la ng'ombe katika ngao wakawa Oxenstierna, yaani paji la ng'ombe dume, na katika hao alitoka waziri mkubwa Axel Oxenstierna. Jamaa ambayo ngao yao ilikuwa nusu ya dhahabu na nusu ya buluu ilikuja kujulikana kwa jina la Usiku na Mchana. Askari wa kawaida walipewa majina mafupi na makamanda wao, kwa kuwa katika kikosi kimoja waliweza kuwamo Anders mwana wa Anders watano au sita. Mmoja akaitwa Upanga, mwingine Hodari, mwingine Mwepesi. Wakulima waliendelea na "mwana wa", na jina likabadilika kila kizazi, hata mwaka 1901 serikali ilipoamuru kila jamaa iwe na jina moja la kudumu.

Aliye na jina la ng'ombe asichekwe na watu wa Nyeri. Chifu mkuu wa zamani alikuwa Wang'ombe wa Ihura, na mwanawe aliyekuwa chifu baada yake aliitwa Nderi, ambaye ni ndege tai mla mizoga.

DESTURI YA WAKIKUYU

Kwa Mkikuyu jina si mali ya mtu mmoja bali ni kama kiti cha mzee, ambacho akiondoka mmoja huketi mwingine. Mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama. Kisha hufuata wajomba, baba wadogo na shangazi. Ndiyo sababu mama ambaye mwanawe ana jina la baba yake aweza kumwita mtoto huyo baba, wala hafanyi mzaha. Ukoo hasa, ule wenye miiko na uhusiano wa damu, haumo katika jina la mtu. Umo katika mihiriga, nayo yasemwa ilitoka kwa mabinti wa Gikuyu na Mumbi: Anjiru kwa Wanjiru, Ambui kwa Wambui, Agaciku kwa Wanjiku, na wengineo hata watimie tisa kamili, ambao kwa hesabu ya Wakikuyu ni kumi. Chini ya hiyo iko mbari, yaani jamaa ya mtu mmoja aliyepata githaka hapo kale, nayo huitwa kwa jina lake. Hivyo, mtu akitaka kujua wapi Wakikuyu waliweka kitu kinachofanana na jina la ukoo la Powell, asitafute katika cheti. Atafute katika mbari.

Basi yakaja mambo matatu kwa pamoja. Wamisionari, wa Consolata na wa Kanisa la Scotland kule Tumutumu, walitoa majina ya ubatizo. Tangu mwaka 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka kumi na sita alitakiwa kuchukua kipande, na karani akaandika jina lake na la baba yake. Shule nazo zilitaka jina la mwisho, kama ilivyo Ulaya. "Wa" ikaanguka njiani. Njoroge wa Kamau akawa James Njoroge Kamau, naye akadhani, au wanawe wakadhani, kwamba Kamau ndilo jina la jamaa yao. Mwai Kibaki, aliyezaliwa Gatuyaini katika sehemu za Othaya mwaka 1931, na aliyekuwa Rais wa Kenya tangu 2002 hata 2013, alibatizwa Emilio; Kibaki lilikuwa jina la baba yake. Wanawe nao wanajulikana kwa jina la Kibaki. Katika desturi ya kale wangalikuwa wa Mwai.

Hapa ndipo yule Baden Baden-Powell anaporudi. Njoroge wa Kamau akipata mwana wa kwanza, hana budi kumpa jina la babu yake, Kamau. Mtoto ni Kamau wa Njoroge, na mambo ni shwari. Lakini kama Kamau limekwisha kukazwa kuwa jina la ukoo, mtoto atakuwa Kamau Kamau. Jamaa nyingi hujitoa katika shida hiyo kwa kuacha kitu kimoja. Wengine huacha jina la babu wakampa mtoto jina jingine, na hapo babu hana wa kuketi katika kiti chake. Wengine huendelea na desturi, watoto wakachukua jina la baba mwenyewe, na hapo jina la mwisho hubadilika kila kizazi kama la mkulima wa Sweden kabla ya 1901, na ofisi hulalamika. Kwa maoni ya wengi wajuao kazi ya maandishi, ofisi ndiyo ingefaa ivumilie.

Jambo hili si la mapambo tu. Wakati mashamba ya Nyeri yalipokusanywa na kupimwa katika miaka ya 1950, na hati zikaanza kutolewa, kila kipande cha ardhi kiliandikwa kwa jina la mtu. Mzee mmoja aliweza kuwa Mwangi wa Kariuki katika kipande chake, Petro Mwangi katika daftari ya kanisa, na Mwangi Kariuki katika daftari ya ardhi. Alipokuwa hai hakuna aliyeuliza, maana majirani wote walimjua. Akiisha kufa, wanawe hulazimika kwenda kula kiapo kwamba watu hao watatu walikuwa mtu mmoja, na mwenye nia mbaya aweza kusimama akasema kwamba hawakuwa mmoja. Ni vema mwenye shamba akiwa angali hai alinganishe cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na hati ya shamba, na kama majina hayapatani ayapatanishe mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye shahidi aliye bora kuliko wote.

WANGARI NA HERUFI MOJA

Katika wanawake wa Nyeri yuko mmoja ambaye habari za jina lake zalingana na za Bibi Henrietta, kisha zinazipita. Wangari, binti wa Muta, alizaliwa katika kijiji cha Ihithe tarehe 1 Aprili 1940, katika mhiriga wa Anjiru. Jina lake latokana na "ngari", yaani chui. Alibatizwa Miriam, baadaye, alipokuwa Mkatoliki, akachukua majina ya Mary Josephine, na aliposoma Marekani alirudi kwenye jina alilozaliwa nalo, akawa Wangari Muta. Mwaka 1969 aliolewa na Bwana Mwangi Mathai, aliyekuja kuwa mbunge, akachukua jina lake.

Ndoa ilivunjwa mahakamani mwaka 1979, na mume wake wa zamani akamtaka aliache jina la Mathai. Wakati huo Bibi Wangari alikuwa amekwisha kupata shahada ya udaktari na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na kila karatasi yake ya kazi ilikuwa na jina hilo. Karen Blixen, alipoachana na Bror mwaka 1925, aliendelea kuitwa Baroni wa kike Blixen maisha yake yote, wala haikuwa shida. Wangari hakuachiwa hivyo. Alichofanya ni kuongeza herufi "a" moja, Mathai likawa Maathai. Kwa herufi hiyo lilikuwa jina lake mwenyewe, na si la mume, wala la baba, wala la babu. Ndilo lililosomwa mjini Oslo mwaka 2004 alipopewa Nishani ya Amani ya Nobel. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011.

Hakuna sheria katika Kenya imlazimishayo mke kuchukua jina la mumewe. Ni mazoea, nayo yalikuja pamoja na cheti cha ndoa cha Kizungu. Bibi zetu wa Nyeri waliishi na kufa wakiwa Wanjiru wa Kamau, hata walipokuwa wameolewa kwa Njoroge kwa miaka hamsini.

NYUMBA YA PAXTU

Lodi Baden-Powell alikuja kukaa Nyeri mwaka 1938, akiwa mzee mwenye moyo mgonjwa. Aliyemvuta ni Eric Sherbrooke Walker, aliyekuwa zamani karani wake wa siri, na ambaye alijenga hoteli ya Outspan, jina la Kikaburu lenye maana ya mahali ng'ombe wa gari wanapofunguliwa nira. Nyumba ndogo ilijengwa katika uwanja wa hoteli, mlima ukiwa mbele yake. Huko Uingereza walikuwa wamekaa katika nyumba iitwayo Pax Hill, na "pax" ni amani kwa Kilatini. Hii ya Nyeri mzee akaiita Paxtu, yaani amani ya pili, na pia amani vile vile, kwani kwa Kiingereza maneno hayo mawili yana sauti moja. Alipenda kuchezea majina. Hata shauri kuu la Skauti la kuwa tayari lina herufi B na P katika Kiingereza, nazo ni herufi za mwanzo za jina ambalo mama yake alimtungia.

Huko Paxtu alichora wanyama na kuandika mpaka mwisho wake. Mkewe Olave, aliyezaliwa tarehe ile ile ya 22 Februari lakini mwaka 1889, alirudi Uingereza akaishi miaka mingi. Alipofariki mwaka 1977 majivu yake yaliletwa Nyeri yakazikwa katika kaburi la mumewe, na jina lake likachongwa juu ya jiwe hilo hilo.

Mwana wao wa pekee, Peter, alirithi ulodi mwaka 1941, akafa mwaka 1962. Cheo kikamwendea mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1936, babu yake akiwa bado hai. Mtoto huyo aliitwa Robert.